Jiko la kuni liuzwe kwa mizani, si kwa rangi

SOKO la majiko ya kuni yanayotengenezwa na mafundi wa mitaani limekuwa likiwavutia wafanyabiashara wenye mitaji midogo, na sababu zake zinaeleweka. Malighafi ni udongo, maranda ya mbao na mabati ya mapipa chakavu, vitu ambavyo havihitaji fedha za kigeni wala kibali cha kuagiza bidhaa kutoka nje. Fundi yupo karibu katika kila mji. Mnunuzi naye yupo, kwani kaya nyingi za vijijini na za pembezoni mwa miji bado hupikia kuni, na wapishi wa biashara, kuanzia mama lishe hadi wakaanga samaki, hununua kuni kwa fedha taslimu.

Hata hivyo, biashara hii ina kasoro kubwa ambayo imekuwa ikila mitaji ya watu. Jiko huuzwa kwa macho. Mfanyabiashara hufika kwenye karakana, huangalia rangi, hugonga bati kwa kidole, hupatana bei na kupakia mzigo. Ni wachache wanaouliza jiko hilo linatumia kuni kiasi gani kuchemsha sufuria ya maji. Matokeo yake ni kwamba fundi anayejenga jiko linalobana kuni kwa kweli hulipwa sawa na yule anayepaka rangi juu ya kopo la bati, na baada ya muda fundi wa kwanza huacha kujihangaisha.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la majiko methali hiyo haifanyi kazi, kwa sababu wema wa jiko umo ndani ambako mnunuzi haoni. Kinachoweza kuutoa nje ni mizani tu. Mfanyabiashara asiyepima anachofanya hasa ni bahati nasibu.

Kuni zinapotelea wapi

Ili kujua kwa nini majiko mawili yanayofanana yanaweza kutofautiana sana kwa matumizi, inafaa kuanza na hesabu ya moto wenyewe. Kupandisha joto la lita 5 za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 kunahitaji takriban kilojuli 1,570. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa kilojuli 16,000 hivi. Maana yake ni kwamba kama joto lote lingeingia ndani ya sufuria, gramu 100 tu za kuni, yaani kijiti kisichojaa mkono, zingetosha kuchemsha maji hayo.

Hakuna jiko linalofikia hapo. Moto wa mafiga matatu kwa kawaida huingiza katika sufuria asilimia 10 hadi 15 ya joto la kuni, na pale upepo unapovuma hali huwa mbaya zaidi. Kwa asilimia 15, lita zile 5 zitakula gramu 650 hivi. Jiko lililojengwa vizuri huweza kufikia asilimia 30, na hapo kuni zinazohitajika hushuka hadi gramu 330. Hiyo ndiyo nusu ambayo mafundi wengi huitangaza. Ni ahadi inayowezekana, lakini haiji yenyewe kwa sababu tu moto umezungushiwa bati.

Joto hupotea kwa njia tatu. Kwanza, kuni zisipoungua sawasawa hutoa moshi, na moshi ni nishati ambayo mnunuzi ameilipia lakini haikuungua. Pili, kuta za jiko hunywa joto kabla halijafika kwenye sufuria. Tatu, hewa ya moto hupita kando ya sufuria na kutokomea juu bila kuigusa. Ubunifu wote wa jiko la kuni ni jitihada za kuziba mianya hiyo mitatu, na fundi asiyeweza kueleza anaizibaje hajui anachokiuza.

Chumba cha moto ndicho mali

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mhandisi wa Marekani, Larry Winiarski, akishirikiana na kituo cha Aprovecho cha jimbo la Oregon, alibuni jiko ambalo leo linajulikana duniani kwa jina la roketi. Muundo wake ni mwepesi kiasi kwamba umeigwa kila mahali. Kuni huingia kwa mdomo ulio chini, moto hupinda kama kiwiko cha mkono, kisha hupanda katika bomba fupi lililo wima hadi chini ya sufuria. Bomba hilo fupi huvuta hewa, na ndani yake moshi hupata joto na nafasi ya kuungua kabla ya kutoka.

Kwa jiko la familia, chumba cha moto chenye upana wa sentimita 10 hadi 12 na kimo cha sentimita 25 hadi 30 hivi hutosha. Kuni hazilazwi chini kabisa, bali huwekwa juu ya kichanja kidogo ili hewa ipite chini yake na kufika kwenye makaa. Ncha za kuni ndizo zinazoungua, na mpishi husukuma kadiri zinavyokwisha. Sufuria huzungukwa na ukingo wa bati, ikiachwa nafasi ya sentimita moja au moja na nusu hivi, ili hewa ya moto ilazimike kukwaruza ubavu wa sufuria kabla ya kutoka. Nafasi hiyo ikiwa kubwa mno, joto hutoroka. Ikiwa finyu mno, moto hukosa pumzi na moshi hurudi mdomoni.

Jambo linalotenganisha faida na hasara ni kitu kilichojengea chumba hicho. Mafundi wengi huamini kwamba udongo mnene hutunza joto, na hivyo hujenga ukuta wa sentimita 10 wa udongo na mchanga. Ni kweli kwamba ukuta huo huhifadhi joto, lakini huhifadhi joto ambalo lilipaswa kwenda kwenye sufuria. Mama anayewasha moto mara moja asubuhi kuchemsha chai hupasha ukuta kwanza, chai baadaye. Kwa mama lishe anayepika kutwa nzima hasara hiyo ni ndogo, kwa kuwa ukuta ukishapata moto hauhitaji kupashwa tena. Kwa hiyo hata jiko zito lina mnunuzi wake, ila si mnunuzi yeyote.

Kinachofaa ni kitu chepesi chenye vinyweleo vya hewa ndani yake. Tofali la udongo uliochanganywa na maranda laini, likichomwa katika tanuri, huachwa na matundu madogo pale maranda yalipoungua, na matundu hayo huzuia joto lisitoroke. Maranda yakizidi, tofali humomonyoka mkononi. Yakipungua, linakuwa tofali la kawaida. Majivu makavu yakijazwa kati ya chungu cha ndani na bati la nje nayo husaidia sana, tena bila gharama. Bati tupu, kwa upande wake, ni adui. Bati jembamba la kawaida likikaa ndani ya moto hutoa magamba na kutoboka katika muda wa miezi michache. Jiko la namna hiyo huwa jipya siku ya kuuzwa tu.

Kuna mambo mengine mawili ambayo karatasi za wahandisi wa mbali husahau. La kwanza ni ugali. Jiko refu na jembamba linaweza kushinda mashindano yote ya kuchemsha maji, lakini mpishi akisimama kusonga ugali wa watu 8 likayumba, kesho yake litakuwa kiti cha kuku. La pili ni mdomo wa kuni. Mdomo mdogo hubana matumizi, lakini humlazimisha mpishi kupasua kuni nyembamba. Kazi ya kupasua isipohesabiwa katika ubunifu, mpishi atarudi kwenye mafiga, na majirani zake hawatanunua.

Kipimo cha karakana

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa mwaka 2018 kiwango nambari 19867-1 kinachoeleza namna ya kupima majiko katika maabara. Kipimo hicho kina gharama ambazo fundi wa mtaani hawezi kuzibeba kwa kila toleo la jiko lake. Lakini kwa uamuzi wa kununua mzigo wa majiko 50, mfanyabiashara hahitaji maabara. Anahitaji mizani ya kupimia, sufuria mbili zinazofanana, saa na fungu moja la kuni zilizokauka sawasawa.

Utaratibu wake ni huu. Kuni hugawanywa mafungu mawili na kupimwa. Fungu moja huchemsha lita 5 kwenye mafiga, jingine huchemsha lita 5 kwenye jiko linalouzwa, siku hiyo hiyo, mahali pale pale, mpishi yule yule, sufuria zote zikiwa na vifuniko. Maji yakichemka moto hauzimwi, bali huachwa ukifuka kwa dakika 45, kwa sababu maharage hayaivi kwa mchemko mmoja. Mwisho, kuni zilizobaki huzimwa na kupimwa, na makaa pia hupimwa peke yake. Zoezi hurudiwa mara tatu, kwani kipimo kimoja kinaweza kudanganya kutokana na upepo au mkono wa mpishi.

Jiko ambalo halipunguzi hata robo ya kuni mbele ya macho ya mnunuzi, katika karakana ambako fundi mwenyewe anaangalia, halitafanya maajabu jikoni kwa mteja. Fundi anayekataa kipimo naye amekwishatoa jibu.

Nani hasa ni mnunuzi

Baada ya kipimo hufuata swali la pili ambalo wawekezaji wengi hulikosea. Kubana kuni si sawa na kubana fedha. Kaya inayookota kuni porini bila malipo hupata nafuu ya muda na mgongo, nafuu ambayo ni kubwa kwa akina mama, lakini haimpi mtu shilingi mkononi ya kulipia jiko. Kaya inayonunua kuni hupata fedha kila siku.

Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, mama lishe anayenunua kuni za Sh 3,000 kwa siku. Jiko likimpunguzia theluthi moja, hubakiwa na Sh 1,000. Kwa siku 26 za kazi anakuwa na Sh 26,000. Jiko la Sh 40,000 litajilipa katika siku 40 za kazi, na baada ya hapo ni faida tupu. Mtu huyu anaweza hata kukopeshwa jiko akalipa kidogo kidogo kutokana na kuni ambazo hakuzinunua. Jiko lile lile likipelekwa katika kijiji ambako kuni ni za kuokota litakaa ghalani, si kwa sababu watu hawalipendi, bali kwa sababu haliwapi fedha ya kulilipia. Huko kinachouzika ni chungu cha ndani peke yake, kwa bei ndogo, na mara nyingi baada ya mavuno.

Somo kutoka Kenya

Kwa jambo hili si lazima kubuni upya. Kenya ilipitia njia hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati jiko la mkaa lenye chungu cha udongo ndani na bati nje lilipotokana na kuchanganya jiko la bati la kienyeji na jiko la ndoo la Thailand. Siri ya kuenea kwake haikuwa ubunifu peke yake. Ilikuwa mgawanyo wa kazi. Mfinyanzi alifinyanga na kuchoma chungu, fundi bati alikunja bati, na mtu wa tatu aliviunganisha na kuuza. Kila mmoja alibobea katika sehemu yake.

Kwa upande wa kuni, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilishirikiana na shirika la Ujerumani, GTZ, kueneza chungu cha udongo ambacho mnunuzi hukijengea mwenyewe kwa udongo jikoni kwake. Magharibi mwa Kenya aina hiyo ilipata umaarufu kwa jina la Upesi, na vikundi vya wanawake wafinyanzi, kikiwemo cha Keyo karibu na Kisumu, vilijipatia kipato kwa kuvitengeneza. Kwa mtazamo wa biashara wazo hilo ni zuri mno. Bidhaa inayosafirishwa ni ndogo, bei yake ni nafuu, na kazi ya kumalizia hufanywa na mteja bila kudai ujira. Hatari yake kubwa ni kuvunjika, katika tanuri na njiani, na hasara hiyo lazima iwemo ndani ya bei tangu mwanzo.

Mafanikio hayo yalitegemea kalibu. Chungu kilichotoka katika kalibu moja hulingana na kingine, hivyo kipimo cha kimoja ni kipimo cha vyote. Fundi anayekisia kwa mkono hubuni jiko jipya kila anapoketi, na mizani haiwezi kumsaidia mnunuzi wa jiko la 51.

Gesi, marufuku na majiko ya bure

Wapo wanaosema kwamba kuweka fedha katika jiko la kuni leo ni kununua gari moshi wakati ndege imekwishafika. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo Serikali ilikuwa imeziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa, na Januari 2024 ikawa mwisho wa muda uliotolewa. Mwekezaji anayefikiria kujenga majiko makubwa ya kuni ya shule na magereza ya Tanzania aelewe kwamba mlango huo umefungwa, na ni heri aelekeze mtaji kwingine.

Hata hivyo, mlango huo si nyumba nzima. Mtungi wa gesi ukimalizika katikati ya mwezi, familia nyingi hurudi kwenye kuni hadi fedha ipatikane. Kwa miaka kadhaa ijayo jiko la kuni na mtungi vitakaa jiko moja. Anayewekeza kwa hesabu ya kurudisha mtaji wake katika mwaka mmoja au miwili ana nafasi. Anayekopa kwa miaka 10 kujenga kiwanda cha majiko ya kuni hana.

Pingamizi la pili ni majiko ya bure au ya bei ya kutupa yanayogawiwa na miradi ya hewa ukaa. Mradi ukifika wilayani, fundi wa eneo hilo hawezi kushindana na bei ya sifuri. Lakini miradi hiyo nayo imeonja matokeo ya kutopima. Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa Januari 2024, ulikadiria kuwa sampuli ya miradi ya majiko waliyoichunguza ilipewa hati za punguzo la hewa ukaa zaidi ya mara 9 ya kiasi kilichostahili. Moja ya sababu ilikuwa kudhani kwamba kila jiko lililogawiwa linatumika na kwamba mafiga yameachwa kabisa. Kosa la mchuuzi anayenunua kwa rangi na kosa la mradi unaohesabu kwa karatasi ni la ukoo mmoja.

Aidha, muuzaji ajihadhari na ahadi za afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Jiko bora la kuni hupunguza moshi, lakini kuni zikiwa mbichi au chumba kikiwa hakipitishi hewa, moshi uliobaki unatosha kudhuru. Kumwambia mama mwenye mtoto mchanga kwamba jiko hilo ni dawa ya mapafu ni kumuuzia uongo. Auziwe kuni alizookoa, na aambiwe ukweli kuhusu dirisha na kukausha kuni.

Mtaji uwekwe wapi

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri unaotokana na hesabu hizi ni kwamba fedha ya kwanza isinunue majiko. Inunue mizani na ilipie kalibu ya chuma iliyo sahihi, inayobaki mali ya mfanyabiashara hata akibadili fundi. Fedha ya pili isaidie tanuri, kwani chungu kisichoiva sawasawa hupasuka katika wiki za mwanzo na kurudishwa dukani. Bati la nje na rangi vije mwisho.

Mkataba na fundi, hata kama ni wa karatasi moja ya daftari, utaje vipimo vya chumba cha moto, kitu kilichojengea, na kiwango cha kuni katika kipimo cha lita 5. Katika kila majiko 20, moja lichaguliwe na mnunuzi mwenyewe na kuwashwa. Likishindwa, mzigo usipokelewe. Akiba ya vyungu vya ndani iwepo dukani, ili mteja ambaye chungu chake kimepasuka anunue kipande na si kulitupa jiko zima. Mteja aliyebadilishiwa chungu kwa bei ndogo hutangaza duka kuliko bango lolote.

Fundi naye alipwe tofauti. Anayefikisha robo ya akiba ya kuni apate bei yake, na anayefikisha nusu apate zaidi. Leo hii mafundi hao wawili hupokea bei moja, na ndiyo maana mmoja wao hupungua sokoni kila mwaka. Wafanyabiashara ndio waliolifanya soko liwe hivyo kwa kununua kwa macho, na ni wao wenye uwezo wa kulirekebisha. Gharama yake ni asubuhi moja ya kuchemsha maji.